Mwenyekiti Mpole na Fedha za Sare: Unyenyekevu Katika Uongozi wa Kikristo

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi mkoani Njombe, nina umri wa miaka 34, na tangu Februari ni mwenyekiti wa kwaya katika usharika wetu wa Kilutheri. Sikugombea, nilipendekezwa nikiwa nimekaa nyuma, nikapita. Mimi ni mtu wa maneno machache, na wengi wananiambia kwamba kwa upole huu watanipanda kichwani. Mwenyekiti aliyenitangulia anasema mbele za watu kuwa kazi hii siiwezi. Zaidi ya hayo, wanakwaya 28 tulichangishana shilingi 45,000 kila mmoja kwa ajili ya sare mpya. Fedha zilitumwa kwenye simu ya mhazini wetu, ambaye ni mzee wa kanisa na ni rika la baba yangu, zikakamilika mwezi Mei. Sasa ni Septemba, hatuna sare wala taarifa. Nikinyamaza naambiwa sina uwezo. Nikiuliza nitaonekana nimepata cheo nikasahau adabu. Biblia inatuagiza unyenyekevu. Je, mtu mnyenyekevu anaongozaje bila kugeuka kuwa mbabe, na bila kukanyagwa? Na kikao anakiongozaje mtu asiye na sauti kubwa?

Jibu: Mwalimu, Bwana asifiwe. Ninakushukuru kwa kuyataja mambo waziwazi pamoja na kiasi chake, kwa kuwa walio wengi huleta masuala ya namna hii kwa mafumbo, hata mshauri akashindwa kujua anashauri kuhusu nini.

Katika barua yako yamo mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja, nami naona kwamba sehemu kubwa ya uzito unaousikia inatokana na kutoyatenganisha. La kwanza ni maneno ya mwenyekiti aliyekutangulia, na hayo yanahusu heshima yako. La pili ni fedha za sare, na hizo zinahusu haki ya watu 28, ambao wewe ni mmoja tu kati yao. Unyenyekevu wa Kikristo unakuruhusu, tena mara nyingi unakutaka, kuliachia lile la kwanza. Hili la pili haukuruhusu kuliachia, kwa sababu si mali yako. Mtu anaweza kusamehe anachokidai yeye. Hawezi kusamehe wanachokidai majirani zake, kisha akakiita kitendo hicho upole. Shilingi 45,000 zako unaweza kumsamehe mzee huyo leo jioni na hakuna atakayekulaumu. Shilingi 1,215,000 za wenzako 27 huna mamlaka ya kuzisamehe, na kila mwezi unaopita bila wewe kuuliza unakaribia kuwa msamaha ambao wenyewe hawakuutoa.

Tofauti hii imo katika Maandiko kuanzia kwa Musa. Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni wanamsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, kisha wanahoji kama ni kweli kwamba Bwana amenena kwa kinywa chake peke yake. Ni hapo hapo, katikati ya masengenyo hayo, ndipo tunapoambiwa kwamba Musa alikuwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Hajitetei kwa neno hata moja. Neno lake la pekee kwa Mungu katika sura nzima ni kumwombea Miriamu aponywe ukoma. Lakini mtu huyo huyo, katika Kutoka 32, aliposhuka mlimani akakuta ndama wa dhahabu, hakunyamaza. Aliichoma sanamu moto, akaisaga, kisha akamgeukia Haruni na kumuuliza watu hawa walimfanyia nini hata akawaletea dhambi kubwa namna ile. Ukumbuke kwamba Haruni alikuwa kaka yake mkubwa, aliyemzidi miaka 3. Na jibu la Haruni, kwamba aliitupa dhahabu motoni akatoka ndama, ni jibu ambalo kila aliyewahi kumwomba mhazini taarifa amekwisha kulisikia kwa namna moja au nyingine.

Nehemia alifanya vivyo hivyo. Kwa miaka 12 akiwa liwali wa Yuda hakula posho ya chakula aliyostahili kwa cheo chake, ingawa mezani pake walikula watu 150. Haki hiyo ilikuwa yake, akaiachia. Lakini wakuu walipowatoza riba ndugu zao maskini hadi watoto wao wakawa watumwa, aliitisha kusanyiko kubwa, akawakemea hadharani, akawaapisha warudishe mashamba na nyumba. Mambo yote mawili yamo katika sura moja, Nehemia 5, na mwandishi wake haoni mgongano wowote kati yake.

Nadhani kinachokusumbua kwa ndani ni wazo kwamba mtu mnyenyekevu ni yule anayejiona hafai. Wazo hili limeenea makanisani mwetu kiasi kwamba kiongozi mpya huona ni lazima aanze kwa kusema “mimi sistahili, lakini mmenichagua”, na wasikilizaji huitikia amina hata kabla hajamaliza. Sasa soma Yohana 13 polepole. Kabla Yesu hajajifunga kitambaa na kutia maji katika bakuli, mwandishi anatuambia alichokuwa akikijua: kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Anainama kuosha miguu akiwa anajua vema yeye ni nani. Na alipomaliza hakuwaambia wanafunzi waache kumwita Mwalimu na Bwana. Aliwaambia kwamba wanasema vema, maana ndivyo alivyo. Katika meza ile ile, alipokuwa akiiosha miguu ya wanafunzi wake, pamoja na ya Yuda, alisema wazi kwamba si wote walio safi. Basi wewe nawe huna sababu ya kukikana cheo ulichopewa. Wewe ni mwenyekiti. Unyenyekevu wako utaonekana katika namna unavyokitumia cheo hicho na katika watu wanaonufaika nacho.

Maandiko yanatuonyesha pia mtu aliyekuwa na aibu ambayo wengi wangeiita unyenyekevu. Sauli alipopigiwa kura kuwa mfalme hakuonekana. Alikutwa amejificha penye mizigo. Tukiishia hapo tunampenda. Lakini miaka baadaye, alipokosa kutii katika vita na Waamaleki, Samweli alimkumbusha kwamba zamani alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe, naye Sauli akatoa udhuru ambao ningependa kila kiongozi mpole aufahamu: aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Aliyejificha penye mizigo na aliyeshindwa kuwazuia watu ni mtu yule yule, na hofu ni ile ile. Sisemi kwamba wewe ni Sauli. Ninasema kwamba kabla hujauita ukimya wako unyenyekevu, jiulize mbele za Mungu ni nani anayelindwa na ukimya huo. Kama anayelindwa ni wewe, usije ukaonekana huna adabu, basi hapo unailinda heshima yako kwa fedha za wengine, na jambo hilo halimo kabisa katika mafundisho ya Kristo.

Sasa nianze na lile jepesi, yaani mwenyekiti aliyekutangulia. Mfano bora kwako ni Barnaba, mtu ambaye mahubiri yetu humtaja kwa haraka mno. Ndiye aliyemchukua Sauli wa Tarso, yule tunayemjua kama Paulo, na kumtambulisha kwa mitume wakati kila mtu alipokuwa akimwogopa, na ndiye aliyemfuata Tarso na kumleta Antiokia kufanya kazi pamoja naye. Kitabu cha Matendo kinaanza kwa kuwaandika “Barnaba na Sauli”. Katikati ya sura ya 13 mpangilio unageuka, tunaanza kusoma “Paulo na Barnaba”, na aliyekuwa kiongozi anakuwa wa pili. Hakuna mstari unaosema kwamba Barnaba alilalamika. Lakini usimfanye Barnaba kuwa mtu asiye na msimamo. Katika sura ya 15, Paulo alipokataa kumchukua Yohana Marko kwa kuwa aliwahi kuwaacha njiani, Barnaba alikataa kumwacha kijana huyo, na mashindano yakawa makali hata wakatengana. Nafasi yake mwenyewe aliiachia bila neno. Nafasi ya Marko hakuiachia hata mbele ya Paulo. Na baadaye Paulo mwenyewe, katika barua yake ya pili kwa Timotheo, anaagiza Marko aletwe kwa sababu anamfaa kwa utumishi.

Kwa hiyo maneno ya mtangulizi wako yaache. Usiyajibu kwenye kundi la WhatsApp, usitume mtu amweleze, na usiombe sala ndefu ya kufungua mazoezi ambayo kila mtu anajua inamhusu yeye. Ubaya huo tunaufahamu sana sisi watu wa kanisa, na ni kiburi kilichovaa kanzu. Kama anajua kazi fulani vizuri kuliko wewe, kwa mfano kuandaa safari za kwaya au kuzungumza na sharika jirani, mwombe aifanye, na umwombe kwa sababu kazi inamhitaji, bila kutarajia kwamba sasa atanyamaza. Huenda asinyamaze. Ikiwa siku moja maneno yake yatamgusa mwanakwaya mwingine, tuseme anamdhihaki mtu kwa umaskini wake au anaeneza uvumi juu ya ndoa yake, hapo suala limekwisha kutoka kwenye heshima yako, na utatakiwa kumwendea na kumwambia aache.

Tuje kwa mhazini. Ninaelewa ugumu wake, na sitaki kuupunguza. Wewe ni mwanamke, yeye ni baba mtu mzima, unamwamkia shikamoo, huenda alikuwepo siku ya ubatizo wako. Wapo watakaokwambia kwamba katika kanisa hakuna mkubwa wala mdogo, kwa hiyo uende ukamhoji kama mkaguzi. Siwaungi mkono. Adabu kwa wazee ni mali yetu na ni amri ya Maandiko pia: Paulo anamwagiza Timotheo asimkemee mzee kwa ukali, bali amwonye kama baba. Angalia tu kwamba agizo hilo halimwambii Timotheo anyamaze. Linamwelekeza namna ya kusema.

Katika jambo hili Abigaili, katika 1 Samweli 25, atakusaidia kuliko wachungaji wengi, mimi nikiwa mmojawao. Daudi anakuja na watu 400 wenye panga ili kuiteketeza nyumba ya Nabali, mume wa Abigaili. Abigaili anashuka kwenye punda, anainama mpaka chini, na katika hotuba yake yote anamwita Daudi bwana wangu. Hata hivyo ndani ya maneno hayo ya heshima anamwambia jambo ambalo hakuna askari wake aliyethubutu kulisema: kwamba akimwaga damu bila sababu, litakuwa kwazo moyoni mwake siku atakapokuwa mfalme. Na aliporudi nyumbani akamkuta mumewe amelewa, hakumwambia lolote usiku ule. Alisubiri asubuhi, divai ilipokuwa imemtoka. Heshima yake haikupunguza ukweli hata kidogo, na kila neno lilipewa wakati wake.

Wewe nawe chagua wakati. Usimwendee baada ya ibada watu wakiwa wamesimama nje, wala usimpigie simu usiku. Mwendee nyumbani kwake, mchana, siku ambayo si ya mazoezi, na umwambie kwa kifupi. Kama ningekuwa wewe ningesema hivi: “Shikamoo, baba. Nimekuja mwenyewe kabla ya kikao kwa sababu ninakuheshimu. Wanakwaya wanasubiri taarifa ya fedha za sare, na kwa nafasi yangu ni lazima niilete kikaoni Jumamosi ya wiki ijayo. Ninaomba tukae pamoja na katibu siku ya Jumatano, uje na daftari, tuiandae.” Baada ya hapo nyamaza. Watu wenye maneno machache kama wewe wana kipawa ambacho wasemaji hawana, nacho ni kuvumilia ukimya wa dakika nzima bila kuujaza. Usiongeze kwamba unajua ana shughuli nyingi, usiombe radhi kwa kuuliza, na usilete uvumi uliousikia kwamba fedha zimeliwa. Hulijui hilo. Unachokijua ni kwamba taarifa haipo, na ndicho unachokidai.

Huenda akatoa daftari siku hiyo hiyo, na ikadhihirika kwamba fundi alishapewa malipo ya awali, na kwamba kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Huenda pia akakueleza kwamba alipata msiba au ugonjwa nyumbani, akazitumia akitegemea kuzirudisha baada ya mavuno. Akisema hivyo msikilize kwa huruma ya kweli, kwa sababu mzee anayekiri jambo hilo mbele ya mtu wa umri wa mwanawe amejishusha kuliko unavyoweza kufikiri. Hapo hapo usimwahidi kuficha. Mwambie kwamba utamsindikiza kwa mchungaji, kwamba mtaandikiana tarehe za kurejesha mbele ya katibu, na kwamba wanakwaya wataelezwa kiasi kilichopo na kiasi kinachorejeshwa. Kama baadhi yao watapenda kumsamehe sehemu zao, hiyo ni zawadi yao, nao waitoe wenyewe bila kusukumwa na mwenyekiti.

Akikataa kukutana, au akikupa ahadi juu ya ahadi, rudi na katibu, kama Yesu anavyoagiza katika Mathayo 18, ili kila neno lithibitike kwa mashahidi wawili. Akikataa tena, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mchungaji kiongozi na baraza la wazee, yenye tarehe na kiasi, bila sifa mbaya hata moja. Ningeshauri safari zote hizi zisizidi majuma 3. Sura hiyo ya Mathayo imetumiwa vibaya makanisani kuwanyamazisha watu kwa jina la kumalizana kindugu, ilhali hatua yake ya tatu ni kuliambia kanisa.

Katika historia ya Afrika Mashariki yupo kiongozi aliyepita njia hiyo kwa gharama kubwa kabisa. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, alikuwa akienda mwenyewe katika ofisi za serikali ya Idi Amin kuwatetea watu waliokamatwa na kupotezwa, bila kutangaza, na wapo waliomlaumu kwamba anawakaribia mno watawala. Februari 1977 nyumba yake ilipekuliwa usiku na askari. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia rais barua ya kupinga mauaji na uonevu uliokuwa ukiendelea nchini, na tarehe 16 Februari akauawa. Ninamtaja nikijua kabisa kwamba sare za kwaya si jambo la kufa na kupona. Ninachotaka ukione ni mpangilio wake: alikwenda faraghani kwanza, kisha akaandika, na aliyoyaandika hayakuwa malalamiko juu ya nafsi yake.

Mambo haya yakishapita itakubidi uondoe mtego uliomnasa mzee huyo, kwa maana kumwachia mtu mmoja shilingi 1,260,000 kwenye simu yake binafsi, iwe ni mwaminifu namna gani, si upendo. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakusema kwamba yeye ni mtume na aaminiwe. Aliomba makanisa yachague watu wa kusafiri pamoja naye na mchango huo, na sababu aliyoitoa katika 2 Wakorintho 8 ni kwamba mtu asije akawalaumu, wakitangulia kufikiri yaliyo mema “si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu”. Basi fungueni akaunti ya kwaya inayotolewa fedha kwa saini za watu wawili au watatu. Kwa mchango huu uliokwisha kupita, mwombe katibu akusanye ujumbe wa muamala uliobaki kwenye simu ya kila mwanakwaya, aandike jina, tarehe na kiasi, ili taarifa isitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Orodha hiyo itamlinda pia mhazini mwenyewe dhidi ya watakaodai kwamba walilipa na hawakulipa. Na usijitoe wewe mwenyekiti katika utaratibu huo. Fedha yoyote ya kwaya itakayopita mkononi mwako isomwe ya kwanza.

Umeniuliza pia, kwa maneno machache, namna ya kuongoza kikao ukiwa huna sauti kubwa. Kwa maoni yangu kwaya ni mahali pagumu pa kuongoza kuliko hata baraza la wazee, kwa sababu kila mmoja amekuja kwa kujitolea, amechoka na shughuli za mchana, na anaamini kwamba sikio lake ni zuri kuliko la mwenzake. Sauti kubwa haisaidii sana hapo. Jirani zenu wa Peramiho, mkoani Ruvuma, ni watawa Wabenedikto, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoishika, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura fupi ya 3 ambayo sisi Walutheri tungefaa kuiiga. Inasema kwamba kila liwepo jambo kubwa, abati, yaani mkuu wa watawa, awaite ndugu wote, alieleze mwenyewe, asikilize shauri lao, kisha alitafakari na kuamua analoona linafaa. Na sababu ya kuwaita wote ni kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora.

Hapo kuna mambo mawili ambayo kiongozi mpole huyakosea. La kwanza ni kwamba abati ndiye anayelieleza jambo, hamwachii msemaji hodari wa kikao. Wewe nawe andika ajenda, isome kwa sauti yako ya kawaida, na kila jambo ulieleze kwa sentensi mbili au tatu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha waulize kwanza wale wasiosema, yule msichana wa sauti ya kwanza aliyejiunga mwaka huu au yule kijana wa besi anayekaa karibu na mlango, kabla ya wazoefu hawajatoa msimamo ambao wengine wataona aibu kuupinga. La pili ni kwamba mwishoni abati huamua. Wapole wengi husikiliza vizuri, kisha wakaahirisha uamuzi kikao hadi kikao wakitumaini wote watakubaliana, na hapo ndipo wenye ubavu hujichukulia kiti. Mkishasikilizana, sema: “Nimewasikia. Tutafanya hivi.” Kisha mwambie katibu aandike.

Jambo la mwisho ni hili: unyenyekevu hauwezi kukaguliwa na mwenye nao. Unahitaji watu. Uamsho ulioanza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na kasoro zake, na wapo waliougeuza kuwa mahakama ya dhambi za jirani. Lakini ulituachia desturi ya ushirika ambamo watu waliungama makosa yao mbele ya wenzao na kuambiana ukweli, na ndani ya mduara huo askofu na mkulima waliitana ndugu. Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa Dar es Salaam kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Wewe tafuta watu wawili tu, mmoja awe mwanakwaya anayekuzidi umri na mwingine awe nje ya kwaya kabisa, uwape ruhusa ya kukwambia mambo mawili: siku utakapoanza kutafuta kusifiwa, na siku utakaponyamaza kwa hofu. Kwa jinsi ninavyokusoma, kwa sasa watakuwa na kazi zaidi na hili la pili.

Anza na ziara kwa mzee wiki hii, na tarehe ya kikao itangazwe kabla hujaenda, ili usijipatie nafasi ya kuisogeza mbele. Taarifa isomwe na mhazini mwenyewe kama atakubali, wewe ukiwa umekaa kando yake. Baada ya kusomwa, mtu atauliza kwa nini jambo hili halikuletwa mapema, na macho yote yataelekea kwa yule mzee. Swali hilo lijibu wewe, kwa kuwa wewe ndiye mwenyekiti: lilipaswa kuletwa mwezi Juni, nawe ulichelewa kuliuliza. Ukishasema hivyo, endelea na ajenda inayofuata.